Kuanzisha darsa ya watu wazima na kuifikisha mwisho wa kitabu

Darsa nyingi za dini za watu wazima huanza ukumbi ukiwa umejaa, na baada ya miezi michache wakabaki wazee wanne na mwalimu. Walioacha kuja walikuwa na hamu ya kweli. Kilichowachosha ni kukaa saa nzima wakisikiliza, kisha wiki ya pili kujikuta hawana hata neno moja la kumwambia mtu nyumbani. Darsa ya namna hiyo ni mawaidha ya kila wiki. Mawaidha yana kazi yake kubwa, lakini hayamfikishi mtu mwisho wa kitabu.

Hapa tunazungumzia darsa ya aina nyingine: watu kumi hivi wenye kazi na familia, kitabu kimoja kifupi, mwalimu anayejulikana alisoma kwa nani, na kila aliyehudhuria kufungua mdomo kabla hajaondoka. Hilo la mwisho ndilo linalobeba mengine yote. Somo humkaa mtu anapolitamka mwenyewe mbele ya mwenzake, akasahihishwa, akalitamka tena. Jibril alikuwa akimjia Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani wakidurusiana Qur'ani, na katika mwaka aliofariki walidurusu mara mbili. Yeye ndiye aliyeteremshiwa, na bado alikuwa na wa kudurusiana naye.

Watu, siku na mahali

Anzeni na watu 8 hadi 12. Wakiwa chini ya 6, siku wawili wakisafiri na mmoja akiugua darsa imekwisha. Wakizidi 15, hakuna mwalimu atakayeweza kumsikiliza kila mmoja. Wakijitokeza 40, msiwarudishe: mwalimu afundishe wote kwa pamoja, kisha wagawanyike duara nne za watu kumi kumi, kila duara na msimamizi wake, kwa ile sehemu ya kufundishana. Wasimamizi hao mwalimu awasomeshe somo la wiki siku moja au mbili kabla.

Siku iwe moja kwa wiki. Ibn Mas'ud (r.a.) alikuwa akiwakumbusha watu kila Alhamisi, mtu mmoja akamwambia angependa iwe kila siku, akajibu kwamba kinachomzuia ni kuchelea kuwachosha, na kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwachagulia nyakati vivyo hivyo. Riwaya hii imo katika Bukhari, na kila mwenye shauku ya kuanza na siku tatu kwa wiki aisome kwanza. Siku tatu huwezekana kwa mwezi mmoja, kisha kazi na ugonjwa wa watoto vinaingia, mtu anakosa mara mbili, anaona haya kurudi.

Saa nayo ifikiriwe. Muda kati ya Magharibi na Isha unapendwa kwa sababu watu tayari wako msikitini, na karibu na ikweta muda huo haubadiliki sana mwaka mzima. Mbali na ikweta mambo ni tofauti: Magharibi ya kiangazi na ile ya majira ya baridi zinaweza kupishana kwa saa kadhaa, na darsa iliyofungwa kwenye swala itakuwa inahama na jua huku ratiba ya kazi za watu imesimama palepale. Huko chagueni saa ya ukutani, kwa mfano asubuhi ya siku ya mapumziko, na swala ya karibu iswaliwe kwa pamoja kabla au baada.

Mahali pawe na mwanga wa kusomea herufi ndogo, pasiwe njia ya wapitaji, na watu wakae kwa duara, kila mtu akiuona uso wa mwenzake. Mkikaa kwa safu kama za swala, wa nyuma anakuwa mtazamaji. Acheni pengo moja karibu na mlango. Katika hadithi ya watu watatu waliomkuta Mtume (S.A.W.) na masahaba wake wamekaa, mmoja aliona nafasi katika duara akaketi, wa pili akakaa nyuma yao, wa tatu akageuka akaondoka. Aliyechelewa akikuta pengo ataketi bila kuvuruga. Akikuta duara limejaa na macho yote yanamgeukia, wiki ijayo akichelewa atarudi nyumbani.

Mwalimu

Maswali ya kumuuliza mwalimu kabla ya kumwomba ni matatu, nayo yaulizwe kwa adabu na faragha. Kitabu hiki alikisoma kwa nani, na alikimaliza? Amewahi kukisomesha? Akiulizwa asilolijua hufanya nini? Swali la tatu ndilo zito. Inasimuliwa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48 na akasema "sijui" katika 32. Mwalimu mwenye ujasiri huo ni salama kwa wanafunzi wazima, kwa sababu watu wazima huuliza mambo watakayoyatenda kesho yake: ndoa, deni, mirathi.

Mahali pasipo na mwalimu, darsa inaweza kusimama kwa sharhe (ufafanuzi wa kitabu) iliyorekodiwa ya mwanachuoni anayejulikana, ambaye amekisherehesha kitabu chote mwanzo hadi mwisho. Hapo msimamizi anasoma matini (maneno ya kitabu chenyewe), wanasikiliza kipande kisichozidi dakika 20, wanasimamisha, wanafundishana. Sharti lake ni moja: msimamizi huyo asijibu maswali ya hukumu kutoka kichwani mwake, hata kama anahisi jibu analo. Anayaandika na kuyapeleka kwa mwenye elimu.

Msimamizi anahitajika hata kama mwalimu yupo. Yeye ndiye mwenye saa, mahudhurio, orodha ya jozi (wawili wawili wanaofundishana) na daftari la maswali. Mwalimu akibebeshwa haya, atachoka kabla ya wanafunzi.

Kitabu na hesabu ya wiki

Kosa linaloua darsa nyingi ni kuchagua kitabu kinachostahiki heshima badala ya kinachomalizika. Watu wazima waliokwisha kuanza vitabu vingi vya dini na kuviacha njiani wanahitaji kumaliza kimoja. Mkusanyiko wa hadithi wa Imam Nawawi ujulikanao kama Arubaini unafaa sana: una hadithi 42, nyingi ni fupi, zinagusa itikadi, ibada, mali na tabia, na sharhe na tafsiri zake zinapatikana kwa urahisi. Kwa wanaotaka fiqhi, chagueni matini fupi ya madhehebu yanayofuatwa na watu wenu, ile ambayo mwalimu ameimaliza. Wote wawe na chapa moja. Kurasa zikitofautiana, dakika tano za kila darsa zitapotea kwa "uko ukurasa wa ngapi?"

Hesabu ya wiki ifanywe mbele ya wote. Chukueni Arubaini: hadithi 42 kwa mwendo wa moja kila wiki ni wiki 42. Hadithi ya 2 (ile ya Jibril), ya 24 na ya 29 ni ndefu, kila moja ichukue wiki mbili, kwa hiyo 45. Kila baada ya hadithi 7 wiki moja ni ya murajaa (kurudia yaliyosomwa) tupu, hizo ni 6, tumefika 51. Ramadhani wiki 4, sasa 55. Mkianza katikati ya Shawwal kipindi hiki kitaipita Idi Kubwa mara mbili, ongezeni 2. Dharura, yaani misiba, mvua, safari ya mwalimu, wekeni 3. Jumla wiki 60, kama miezi 14. Mkitangaza "mwaka mmoja" mtachelewa, na watu wataona wameshindwa wakati hesabu ndiyo iliyokosewa.

Shawwal ni mwezi mzuri wa kuanza kwa sababu nyingine pia: watu wametoka Ramadhani na azma, na Ramadhani inayofuata iko mbali kiasi cha kutosha kuwa na hadithi nyingi mkononi kabla ya mapumziko. Ramadhani yenyewe darsa isimame lakini jozi zisivunjike. Kila jozi ichukue juzuu moja kwa siku. Katika msahafu wa chapa ya Madina, wenye kurasa 604, hiyo ni kama kurasa 20, yaani 4 baada ya kila swala ya faradhi.

Dakika 75

Mpangilio huu umejengwa kwa dakika 75. Mkiwa na 60 punguzeni dakika 10 za somo jipya na 5 za maswali. Sehemu za kufundishana msiziguse.

Dakika 5 za mwanzo: mmoja anasoma aya chache za Qur'ani, kwa zamu iliyopangwa, wengine wanasikiliza. Anayesoma ajue wiki moja kabla. Kumshitukiza mtu mzima asiyejiamini katika kisomo ni njia ya hakika ya kumfukuza.

Dakika 15 za murajaa: jozi zinaulizana somo la wiki iliyopita, vitabu vikiwa vimefungwa. Hapa ndipo mwalimu anapopita kimya akisikiliza. Ataona lipi halikueleweka, na mara nyingi litakuwa lile aliloliona rahisi kuliko yote.

Dakika 25 za somo jipya: matini isomwe mara tatu, kwa sauti, na mara ya tatu wote waisome pamoja. Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisema neno hulirudia mara tatu mpaka lieleweke. Kisha maana ya maneno mazito, kisha mafunzo matatu. Yasizidi. Sharhe itakuwa na kumi na mbili, na mwalimu mzuri atatamani kuyatoa yote. Tisa yaliyobaki yatamfaa mwanafunzi atakaporudia kitabu mara ya pili.

Ndani ya dakika hizo 25 mwalimu aulize angalau swali moja kabla ya kutoa jibu. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni mti gani unaofanana na Muislamu. Wakafikiria miti ya majangwani. Ibn Umar (r.a.), aliyekuwa kijana kati yao, ikamjia moyoni kwamba ni mtende, akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Tukio hili linafundisha mambo mawili kwa mpigo. Swali hufungua akili kabla ya jibu kuingia, na palipo na wakubwa kwa wadogo katika duara moja, wadogo hunyamaza hata wanapojua. Dawa yake ni kuwapa jozi dakika moja wanong'one kwanza, ndipo mwalimu amuulize mmoja: "Mwenzako alisemaje?" Kijana ataweza kutaja kauli ya mzee, na mzee ataitaja ya kijana.

Dakika 15 za kufundishana ni roho ya darsa. Wa kwanza anafunga kitabu na kueleza hadithi kwa maneno yake: maana, funzo moja, na wapi inagusa maisha yake ya wiki hii. Mwenzake kitabu kiko wazi mbele yake. Anasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha anataja kilichoachwa na kilichokosewa. Dakika 6 kila mmoja. Dakika 3 zinazobaki wanakubaliana swali moja la kuuliza. Swali lililopita kwa watu wawili huwa limenyooka kuliko lile linalorushwa papo kwa papo.

Maswali dakika 10, na dakika 5 za mwisho ni za mahudhurio, kazi ya wiki na dua.

Kuhusu saa: mwalimu aliyezoea mimbari atavuka dakika 25 bila kujua. Msimamizi azungumze naye kabla ya siku ya kwanza, amwombe ruhusa ya kumkumbusha, na wakubaliane ishara, kwa mfano kuweka saa mezani au kadi ndogo mbele yake zikibaki dakika tano. Shekhe aliyeombwa vizuri hukubali. Shekhe aliyekatizwa mbele ya wanafunzi bila makubaliano atanyamaza na kuhisi amevunjiwa heshima, na haki itakuwa yake.

Jozi

Silika itawaambia mumweke aliye hodari kuliko wote na aliye nyuma kuliko wote. Msifanye hivyo. Pengo likiwa kubwa, hodari husema yeye peke yake na mwenzake huitikia "naam, naam" hadi dakika ziishe. Mwekeni hodari na wa katikati, na wa katikati na aliye nyuma kidogo. Wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, isipokuwa walio wa nyumba moja. Mtu na mkewe, au mzazi na mwanawe mkubwa, ni jozi nzuri sana kwa sababu somo linaendelea nyumbani. Idadi ikiwa witiri, kuwe na kundi moja la watatu. Jozi zibadilike kila wiki ya murajaa, kila baada ya hadithi 7. Zikibadilika kila wiki watu hawazoeani kiasi cha kukosoana. Zisipobadilika kabisa, wawili wanazoea makosa ya kila mmoja.

Jozi ina kazi ya pili. Umar (r.a.) na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakipokezana kwenda kwa Mtume (S.A.W.), huyu siku moja na yule siku nyingine, na aliyekwenda alimletea mwenzake habari za siku hiyo, wahyi na mengineyo. Watu hao walikuwa na kazi zao, kama tulivyo nazo. Fanyeni hivyo hivyo: aliyekosa darsa apigiwe na mwenzake kabla ya siku inayofuata, asomewe matini na aelezwe mafunzo matatu, dakika kumi zinatosha. Anayeeleza anafaidika kuliko anayeelezwa. Na aliyekosa mara mbili mfululizo, mwalimu mwenyewe ampigie kumjulia hali, asimuulize lolote kuhusu darsa.

Kisomo cha Qur'ani

Katika karibu kila kundi la watu wazima wamo wasiosoma Qur'ani vizuri, na wamelificha hilo kwa miaka. Msichanganye kisomo na darsa ya hadithi au fiqhi. Tengeni dakika 40 za siku nyingine au kabla ya darsa, mwalimu akae na mmoja mmoja kwa dakika 4, wengine wakijisomea; kwa dakika 40 anapitia watu kumi. Kusikilizwa kuwe pembeni, kwa sauti ya chini. Mzee anayesahihishwa Al-Fatiha mbele ya vijana hatarudi.

Anzeni na Al-Fatiha kwa kila mtu, hata anayejidai anaijua, maana swala inasimama juu yake. Ina aya 7 na, kwa wanaoihesabu Bismillahi kuwa aya yake, shada (alama ya kukaza herufi) 14. Makosa yanayojirudia yanajulikana: shada ya "iyyaka" kuachwa, jambo linalobadilisha maana, "an'amta" kusomwa "an'amtu", nalo pia hubadilisha maana, ha ya kooni katika "al-hamdu" na "ar-Rahman" kusomwa ha nyepesi, ain kupotea katika "al-alamin" na "na'budu" ikawa irabu tupu, swadi ya "swirat" kusomwa sini, na dhadi ya "al-maghdhub", ambayo huwatesa wengi. Msirekebishe yote kwa siku moja. Yanayobadilisha maana kwanza, moja kwa wiki, na mwanafunzi amwangalie mwalimu mdomo anapotamka. Rekodi ya simu inasaidia kurudia nyumbani, lakini haiwezi kumsikia mwanafunzi, na kosa huingia kwenye sikio lisilosahihishwa.

Kutenda mbele ya macho

Uthman (r.a.) alipotaka kuwafundisha watu udhu wa Mtume (S.A.W.) aliagiza maji akatawadha wakimtazama. Na Malik bin Huwairith (r.a.), aliyekaa na vijana wenzake kwa Mtume kama siku 20, alirudi kwao na agizo la kuwafundisha jamaa zao na kuswali kama walivyomwona akiswali. Hukumu za vitendo hazisomeki kwa maneno matupu. Wiki za murajaa zitumieni kwa hili: udhu kwa maji halisi, tayamamu, swala ya msafiri, sijda ya kusahau, swala ya jeneza, kumkafini maiti kwa kutumia mtu aliyejitolea akiwa amevaa nguo zake. Kila mtu atende, mwenzake wa jozi akishika orodha ya nguzo na kuweka alama. Visigino visivyofikiwa na maji, viwiko vilivyorukwa, rukuu isiyotulia: haya huonekana katika dakika tano, na mtu angesikiliza darsa ishirini asiyajue.

Zaka nayo ipigiwe hesabu kwa kalamu. Nisabu (kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka) ya dhahabu ni gramu 85 hivi, ya fedha gramu 595 hivi, kiwango ni asilimia 2.5, na mwaka ni wa mwezi mwandamo, siku kama 354. Mwenye akiba yenye thamani ya gramu 100 za dhahabu iliyotimiza mwaka anatoa thamani ya gramu 2.5. Wapeni mifano mitatu: mwenye mshahara anayeweka kidogo kidogo, mwenye duka na bidhaa, mwenye deni. Mfano wa pili na wa tatu utazua maswali ambayo mwalimu atahitaji wiki nzima kuyajibu, na wiki hiyo haitakuwa imepotea.

Maswali

Wekeni daftari na kisanduku cha karatasi zisizo na jina. Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, walio na haya zaidi nao wapewe njia. Maswali ya janaba, hedhi, nifasi na mambo ya ndoa yataingia kwa karatasi, na pengine hayangeulizwa maishani kwa njia nyingine.

Msimamizi ayagawe. Yanayojibiwa na somo lenyewe yajibiwe hapo. Yanayohitaji kutazamwa yaandikwe na tarehe, na jibu lirudishwe wiki inayofuata au ya pili. Swali lililoandikwa likasahaulika linavunja imani ya kila mtu. Kundi la tatu ni mashauri ya watu: "nilimwambia mke wangu kadha, je ameachika?", "baba amefariki ameacha nyumba na wake wawili". Haya kamwe yasijibiwe katika duara. Yanahitaji kadhi au mufti atakayewasikiliza wahusika wote, na jibu la haraka linaweza kuvunja nyumba.

Khilafu za wanachuoni zina namna yake. Mtu akiuliza kuhusu kunuti (dua inayosomwa ndani ya swala) ya Alfajiri, mwalimu ataje kauli ya kitabu kinachosomwa, aseme wako maimamu wenye kauli nyingine na dalili zao, kisha aendelee. Mjadala ukifunguliwa utakula darsa tatu na utaondoka na watu wawili.

Kundi la simu

Kundi la WhatsApp lisaidie darsa, lisiwe darsa ya pili. Machapisho matatu kwa wiki yanatosha: ukurasa wa kusoma kabla, ujumbe wa sauti wa dakika mbili wenye mafunzo matatu, na swali moja la murajaa siku moja kabla ya kukutana. Waruhusiwe kuandika wote kwa swali hilo tu. Yakiingia matangazo, picha za salamu na video za kusambazwa, watu hunyamazisha kundi, na siku darsa ikiahirishwa hawajui.

Sheria ya kwanza ya kundi: hakuna hadithi bila kitabu na namba au mlango wake. Kuandika "Bukhari" chini ya maneno hakuyaingizi katika Bukhari. Anayetaka kutuma kitu atafute kwanza kimo wapi, kisha wanachuoni wa hadithi wamekihukumu vipi; asipopata, asitume, amuulize mwalimu faragha. Mfano mzuri wa zoezi ni "tafuteni elimu hata China", maneno yanayotajwa kila penye sherehe ya shule. Mwanachuoni Ibn al-Jawzi aliyaweka katika hadithi za kuzuliwa, na wahakiki wengine wameyahukumu kuwa dhaifu mno. Fadhila za elimu zina hadithi sahihi za kutosha, hazina haja ya hiyo. Aliyetuma kosa asahihishwe faragha naye mwenyewe aondoe.

Wanawake

Wanawake walimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba wanaume wamewatangulia kwake, basi awatengee siku, akawaahidi siku, akakutana nao na kuwafundisha. Darsa ambayo wanawake wake wako nyuma ya pazia, spika inakwaruza na hakuna anayewauliza swali, haijatimiza hilo. Kama mwalimu ni mmoja, wawe na duara lao na msimamizi wao mwanamke kwa dakika 30 za murajaa na kufundishana, na kisanduku chao cha maswali. Akipatikana mwalimu mwanamke, wawe na siku yao. Watoto wadogo wapangiwe mtu wa kukaa nao, kwa zamu na kwa kina baba pia. Mama anayembembeleza mtoto mlangoni kwa dakika 75 hakuhudhuria.

Wageni, fedha, na duara linapojaa

Wanaojiunga katikati wapokelewe wiki za murajaa tu, na kila mgeni apewe jozi atakayempitisha yaliyopita, hadithi mbili kwa wiki, mpaka awafikie. Wakijiunga wiki yoyote, mwalimu atajikuta akirudi nyuma kila mara na wa zamani wakichoka.

Nauli ya mwalimu, vitabu na mwanga vinahitaji fedha, hata kidogo. Wawekwe watu wawili wa kuzishika, na hesabu isomwe kila wiki ya murajaa. Asiyeweza kuchangia asijulikane.

Hakuna haja ya mtihani wa karatasi. Kuanzia hadithi ya 30, kila mwanafunzi apewe moja ya kusomesha duara zima kwa dakika 15 katika nafasi ya mwalimu, naye mwalimu akae pembeni na kukamilisha dakika 10. Apewe wiki tatu za kujiandaa na asikilizwe faragha kabla. Wachache watakataa, wapewe zile fupi.

Duara likivuka watu 15, ligaweni wiki ya murajaa inayofuata. Msigawe kwa uhodari. Gawaneni kwa ukaribu wa makazi au saa za kazi, jozi zisitenganishwe, na kila upande uwe na angalau wawili waliokwisha kusomesha hadithi mbele ya wengine. Mwalimu abaki na duara jipya kwa miezi miwili ya mwanzo, na lile la zamani lisimamiwe na msimamizi wake, kwa kuwa hao tayari wanajua kinachofuata kila dakika.